Kariakoo: jina, mitaa, soko, TANU, Simba na Yanga. Kipi ni kweli na kipi ni maneno ya barazani?

mwalimu_wa_zamu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa matembezi ya nusu siku ya somo la Historia kwa wanafunzi 35 wa kidato cha pili, eneo ni Kariakoo, Dar es Salaam. Maelezo niliyokusanya yanagongana. Wengine wanasema Kariakoo ilipangwa na Waingereza, wengine Wajerumani. Wengine wanasema soko tunaloliona lilijengwa na mkoloni. TANU, chama kilichopigania uhuru, nayo mmoja anasema ilizaliwa sokoni, mwingine anasema Magomeni.

Naomba wajuzi mnisaidie kwa tarehe na majina ya mitaa, ili mwanafunzi akisimama mahali aelezwe kilichotokea pale pale. Nataka pia kujua kwa nini mambo mengi namna hii, siasa, mpira, muziki na biashara, yakajazana kwenye mitaa michache ya eneo moja. Ningependa na njia ya kupita: tuanzie wapi, tuishie wapi, saa ngapi.

---

ramani_ya_kale amejibu:

Mwalimu, anza na ardhi kabla ya jina.

Sayyid Majid alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam mwaka 1862, akafariki 1870 kabla haujachangamka. Wajerumani walihamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wakati huo Kariakoo ya leo ilikuwa nje ya mji, shamba la minazi. Mmiliki wake wa mwisho alikuwa mlowezi wa Kijerumani aliyeitwa Schoeller. Serikali ya Kijerumani ikalinunua shamba muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili iwahamishie Waafrika huko, na ikapima mitaa. Kwa hiyo waliochora mistari ni Wajerumani, na waliokuja kuijaza nyumba ni wananchi chini ya Waingereza. Waliokuambia Wajerumani wameshika kichwa cha jambo, waliokuambia Waingereza wameshika mkia.

Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliugawa mji mara tatu. Sehemu ya kwanza ni upande wa bahari na bustani, nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Ya pili ni katikati, majengo ya kudumu ya mawe na maduka. Ya tatu ni nyumba za udongo na makuti. Wenyewe mjini walizitafsiri haraka: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kisheria kilichotajwa ni aina ya jengo, rangi ya mtu haikuandikwa. Lakini ukimwambia mtu asiye na fedha ya mawe na saruji kwamba mtaa huu ni wa mawe na saruji, umeshamhamisha bila kumtaja. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuukaza.

Kati ya sehemu ya pili na ya tatu paliachwa ukanda wazi usiojengwa. Kisingizio kilikuwa afya: kuzuia malaria na tauni zisivuke. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Wanafunzi wakisimama pale wageuke mashariki waone Uhindini, kisha magharibi waone Kariakoo, na watakuwa wamesimama juu ya mpaka wenyewe. Bustani unayoiona ni mabaki yake, haikuanza kama zawadi ya serikali kwa watu kupunga upepo.

Sasa jina. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kikosi cha wapagazi wao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ikawekwa kwenye eneo lile lililokwisha kupimwa, ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha jengo kubwa la soko ambalo vita viliwakuta hawajaanza kulitumia. Midomo ya watu ikaifanya Carrier Corps kuwa Kariakoo. Soko lilianza kutumika kama soko miaka ya mwanzo ya 1920, baada ya kambi kuondoka.

Usilipite jina hili haraka darasani. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Mgao wa unga ulikuwa mdogo, mara nyingi haukupikwa ukaiva, na watu wa nchi za baridi na ndizi walilishwa mahindi makavu mfululizo. Tumbo ndilo liliua.

Halafu soma vibao vya mitaa. Narung'ombe palipiganwa Julai 1917. Mahiwa palipiganwa Oktoba 1917, siku nne, na ni miongoni mwa mapigano mabaya kuliko yote ya vita ile katika nchi hii. Tandamti nayo ni ya kusini huko huko, mwaka ule ule. Yote hayo ni majina ya mitaa ya Kariakoo. Watu wananunua vitenge na vyombo vya plastiki juu ya ramani ya vita na hawana habari.

---

kiondo_tatu amejibu:

Nyongeza fupi kutoka Nairobi. Jina ni lile lile na asili ni ile ile: Kariokor ya Nairobi nayo ilikuwa ya Carrier Corps. Tofauti ni matamshi na hatima. Ya Nairobi imebaki kujulikana kwa soko la vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, huku maisha ya Waswahili wa mji yakihamia jirani, Pumwani na Majengo. Ya Dar ikawa yote mawili, soko na makazi, mahali pamoja. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba vita moja imeacha jina moja katika miji miwili, huo ni mfano wa bure.

---

binti_uani amejibu:

Ramani amemaliza ardhi na jina. Mimi nijibu lile swali la kwa nini mambo yote yalijazana pale. Jibu langu ni nyumba. Mambo mengine ni kweli lakini yanakuja nyuma yake.

Nyumba ya Kariakoo ya asili ni ya vyumba sita. Mlango wa mbele uko katikati, unaingia kwenye korido inayokata nyumba mpaka nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu, milango yote inatazamana koridoni. Mbele kuna baraza ya kukalia, kimo cha goti hivi. Nyuma kuna ua uliozungushiwa ukuta au makuti, na uani ndimo mna jiko, choo, bafu, mahali pa kuanikia na kufulia, na mara nyingi banda la ziada lenye vyumba viwili vitatu.

Ujenzi wa mwanzo: boriti za mikoko zinachimbiwa chini, fito zinafungwa mlalo pande zote mbili kwa kamba, katikati panajazwa udongo na mawe madogo, halafu ukuta unakandikwa na kupigwa chokaa. Juu makuti. Makuti yalichakaa baada ya miaka michache na yalikuwa hatari kwa moto, mitaa ikiwa imebanana. Kwa hiyo wenye nyumba wakahamia kwenye madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa, kisha bati la migongo. Bati likishafika, kuta nazo zikaanza kubadilishwa kuwa za matofali ya saruji, ila ramani ya ndani ikabaki ile ile. Nyumba ya udongo ya miaka ya 1920 na nyumba ya matofali ya miaka ya 1960 ukizichora chini zinafanana.

Sasa angalia hesabu yake. Mwenye nyumba anaishi chumba kimoja au viwili, vinne anapangisha. Kila chumba ni mkataba wake, kila chumba kinaweza kuwa na familia au vijana watatu. Mzaramo ndiye mwenyeji wa nchi yenyewe, lakini korido hiyo moja unaweza kukuta Mnyamwezi, Mmanyema, Mngoni, Mluguru na mtu wa Rufiji. Hawana lugha nyingine ya kuombana chumvi isipokuwa Kiswahili. Choo ni kimoja, maji ni ya zamu, jiko liko uani. Utake usitake mtazungumza.

Wanawake waliushika ua, wanaume wakaishika baraza. Uani palizaliwa vikundi vya ngoma, vya kuzikana na vya kuchangishana harusi. Barazani palikuwa na kahawa, bao, magazeti yanayosomwa kwa sauti mmoja akisoma kumi wakisikiliza. Habari ikiingia baraza ya kwanza asubuhi, jioni imemaliza mtaa. Hakuna mkutano wa siri unaoshindana na mtandao huo.

Na si wanaume tu waliomiliki nyumba. Wanawake wa mjini wenye nyumba za vyumba sita walikuwa wengi, na kodi ya vyumba ndiyo iliyowapa sauti. Ukisikia baadaye wanawake wa Dar ndio waliobeba TANU mabegani, tafuta chanzo hapo. Mtu anayekusanya kodi kila mwezi haombi ruhusa ya kwenda mkutanoni.

Tahadhari kwa mwalimu: nyumba hizi zinaisha kila siku. Zilizobaki ziko zaidi pembeni kuelekea Jangwani na Gerezani kuliko karibu na soko. Usiwapeleke wanafunzi 35 wakachungulia korido ya watu. Itafute nyumba moja mapema, zungumza na mwenye nyumba na mjumbe wa mtaa, na waingie wanane wanane. Kabla ya kuingia wafundishe kupiga hodi na kungoja karibu. Ua ni sebule ya wanawake, si uchochoro.

---

sauti_ya_mtaa amejibu:

Siasa sasa. TANU haikuzaliwa sokoni wala Magomeni. Ilizaliwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954, kwenye ofisi ya chama kilichoitangulia, yaani TAA (Tanganyika African Association), kilichoanzishwa mwaka 1929. Walioasisi wanahesabiwa 17. Ndiyo maana ya Saba Saba. Mahali hapo leo ni ofisi ndogo ya CCM, na watu wakisema tu "Lumumba" kwenye habari za siasa wanamaanisha jengo hilo. Magomeni ni nyumba aliyohamia Mwalimu Nyerere baadaye, na imewekwa kuwa makumbusho. Kila moja ina haki yake, ila si kitu kimoja.

Kuchanganya na soko kunatokana na jambo la kweli. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Ofisi ya mkuu wa soko ilikuwa mahali ambapo kila mwenye shida, mzigo au habari ya bara alipitia. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandarini, mwaka 1948. Nyerere alipokuja mjini kutoka Pugu alikokuwa akifundisha, nyumba ya Abdulwahid ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Ukiunganisha bandari, soko na New Street unapata pembetatu ambayo mtu aliitembea kwa miguu bila kutoka jasho.

Baba yake, Kleist Sykes, alizaliwa 1894. Ukoo wao ulitokana na askari walioletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19. Kleist alikuwa mmoja wa waanzilishi wa TAA, na pia wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya ya miaka ya 1930 iliyojenga shule New Street hiyo hiyo. Yaani mtaa mmoja ulikuwa na chama na madrasa ya kisasa. Wanafunzi waelezwe hivyo, maana vitabu vya shule hupenda kuanza hadithi mwaka 1954 kama kwamba chama kilidondoka kutoka mbinguni.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955. Hapa ndipo hoja ya binti_uani inapokamilika. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, nao wakaja na wanachama wao. Kadi ziliuzwa kwa njia ambayo mialiko ya harusi ilikuwa ikipita.

Majina mapya ya barabara yanasimulia upande huo: New Street ikawa Lumumba baada ya Patrice Lumumba kuuawa Januari 1961, Kichwele ikawa Uhuru. Mtaa wa Aggrey ni jina la James Aggrey, msomi wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1924 na tume ya elimu. Kleist alikutana naye, na wazo la kuwa na chama cha Waafrika likapata nguvu. Leo Aggrey ni mtaa wa simu. Nadhani angefurahi; mawasiliano ni mawasiliano.

---

jukwaa_la_saruji amejibu:

Mpira na muziki msiviache mwisho kama achari.

Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1936 kundi likajitenga. Timu yao iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Kwa hiyo anayesema Simba ilianza na jina hilo amekosea miaka 35. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ndiyo Wekundu wa Msimbazi. Makao ya Yanga yako Twiga na Jangwani, ndiyo Watoto wa Jangwani. Kutoka jengo moja mpaka jingine ni mwendo wa miguu usiozidi dakika 20. Ndiyo sababu mechi yao huitwa dabi ya Kariakoo, hata ikichezwa Temeke.

Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, na bonde hujaa. Mvua kubwa ikinyesha juu Kisarawe na Pugu, maji hufika chini saa kadhaa baadaye hata kama Kariakoo kwenyewe kumetulia. Mwalimu, ukipanga matembezi Machi hadi Mei usiweke Jangwani kuwa kituo cha lazima.

Muziki: baada ya vita ya kwanza mji ulikuwa na ngoma ya beni, vyama viwili vikishindana, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa juu, wenye kazi za ofisi. Arinoti wakavutia wa chini. Sare, vyeo vya kijeshi, gwaride, bendi. Waliokuwa wapagazi na askari jana, leo wanaigiza jeshi kwa mbwembwe zao wenyewe. Ukitafuta mizizi ya utani wa Simba na Yanga, wa mji kujigawa mara mbili na kushindana kwa mavazi na majigambo, beni ilitangulia. Haya ni maoni yangu, lakini sijaona hoja ya kuyapinga.

Miaka ya 1930 ikaja Dar es Salaam Jazz Band, na upande wa taarabu Al-Watan na Egyptian Musical Club. Jina la Egyptian linajieleza: sahani za santuri kutoka Cairo zilikuwa zikisikilizwa mjini, na vyombo vyenyewe, udi, kanuni, fidla, vilifuata mtindo huo. Mdundiko wa Wazaramo nao haukuhitaji ukumbi wowote, unatembea na bibi harusi mtaani. Ngoma hiyo bado ipo.

---

zege_na_nondo amejibu:

Jengo la soko si la mkoloni. Lile la Wajerumani lilivunjwa. Hili la sasa lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Shirika la kuliendesha liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Amuli alisomea usanifu Israel na mwaka 1969 alifungua ofisi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki lilikuwa karibu halijatokea.

Cha kuwaonyesha wanafunzi ni paa. Limeundwa kwa faneli za zege, kila moja imekaa juu ya nguzo yake kama mwavuli uliogeuzwa juu chini. Faneli inafanya kazi tatu pamoja. Inatoa kivuli, inaacha hewa moto ipande na kutoka kwenye nafasi za juu, na inakinga mvua inayoshuka kupitia nguzo mpaka matangi ya chini. Soko la vyakula linahitaji maji mengi ya kuoshea kuliko jengo lolote la mjini, na mwenye kulibuni alilijua hilo. Wazo ni la mti wa sokoni, watu kukaa chini ya kivuli, limefanywa zege.

Ndani lilipangwa kwa ngazi. Shimoni kwa jumla, magunia na matenga yanashushwa huko. Usawa wa barabara kwa rejareja. Juu kwa bidhaa nyepesi na ofisi. Kosa la baadaye si la ubunifu. Mji ulikua mara nyingi zaidi, biashara ikamwagika nje, njia za magari ya kushusha zikawa vibanda, na jengo lililotegemea hewa kupita likazibwa pande zote.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu liliungua, wafanyabiashara wakahamishiwa masoko mengine. Likakarabatiwa, na upande wa Soko Dogo likajengwa jengo jipya kabisa. Kabla ya kwenda uliza uongozi wa soko kama kundi la shule linaruhusiwa kuingia, na andika barua yenye idadi ya wanafunzi na jina la msimamizi.

Na kuhusu maghorofa yaliyozunguka: Novemba 16, 2024 jengo moja liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafa. Sisemi lolote la jengo lile, lakini eneo lina udhaifu wa jumla ambao kila fundi anaujua. Viwanja vilipimwa kwa nyumba ya vyumba sita ya chini. Leo juu ya kiwanja hicho hicho panapanda ghorofa saba au zaidi, ukuta kwa ukuta na jirani. Fremu ya chini, yaani chumba cha duka, ndiyo yenye kodi kubwa na kilemba (fedha ya kuingilia) kikubwa, kwa hiyo kila mwenye jengo anatamani kuchimba shimo la fremu za ziada. Ukichimba kando ya msingi wa jirani bila kuuegemeza, udongo wa mchanga wa pwani unakimbilia kwenye shimo na msingi wake unabaki hewani. Ukiondoa nguzo ili fremu mbili ziwe moja, mzigo wa ghorofa zote unahamia nguzo ambazo hazikupigiwa hesabu hiyo.

---

mali_kauli amejibu:

Mtu wa biashara niongeze moja. Kariakoo ya nguo, vyombo na simu, inayowaleta wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, si ya zamani kama watu wanavyodhani. Mpaka miaka ya 1970 hili lilikuwa eneo la makazi lenye soko la vyakula. Bidhaa za nje zilikuwa zikibanwa. Zilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ndipo vyumba vya mbele vya zile nyumba za vyumba sita vikatobolewa kuwa maduka. Kwanza baraza, kisha chumba cha mbele, kisha nyumba nzima, kisha ghorofa.

Mfumo wake bado ni wa barazani. Mwenye duka la jumla anampa mwenye duka dogo mali kauli, yaani chukua mzigo, uza, lete fedha, bila karatasi. Kinachomdhamini ni kujulikana. Asiyelipa hashtakiwi, jina lake linapita mtaani na Jumatatu hapewi mzigo na yeyote. Mpangilio huo ni wa watu waliokaa korido moja, ila sasa umevaa bei ya dola.

---

ramani_ya_kale amejibu:

Mwalimu, njia hii hapa. Jumapili asubuhi, kuanzia saa moja na nusu. Siku za kazi kuanzia saa tatu huwezi kutembeza watoto 35 Mtaa wa Kongo, mikokoteni itawagawa vipande.

Kituo cha kwanza ni sanamu ya Askari, Samora na Azikiwe. Ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Wanafunzi wanakili Kiswahili chake kwenye daftari, kisha wakilinganishe na cha leo. Dakika 20.

Kutoka hapo katizeni Uhindini hadi Mnazi Mmoja, kama robo saa. Waangalie nyumba: duka chini, makazi juu, roshani. Mnazi Mmoja wasimame mpakani. Mnara uliopo ni wa mashujaa, na Siku ya Mashujaa ni Julai 25. Hapo ndipo mtu aeleze mgawanyo wa sehemu tatu. Dakika 30, na ndiyo sehemu ya kutulia kuliko zote, tumia kivuli.

Vukeni Lumumba. Ofisi ya chama itazamwe kutoka upande wa pili wa barabara. Ukitaka picha au kuingia omba walinzi kwanza.

Kisha ingieni ndani mkifuata vibao, kazi ya wanafunzi ikiwa kutafuta Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti na Aggrey na kuandika kila jina limetoka wapi. Vibao vingine vimefunikwa na mabango ya maduka. Wafundishe kusoma jina la mtaa kwenye mabango ya anwani ya duka lenyewe. Wagawe makundi ya saba saba, kila kundi na mkubwa mmoja, na kila mtoto awe na namba ya simu ya mwalimu kwenye karatasi mfukoni.

Soko, dakika 30. Msimbazi kwa Simba, dakika 10. Nyumba ya vyumba sita kama binti_uani alivyoelekeza. Mkiwa na nguvu na hakuna mvua, malizieni Twiga na Jangwani. Mwendokasi wa kurudi una vituo Gerezani na Fire. Kwa watoto 35 pandeni Gerezani, gari linaanzia pale likiwa tupu.

---

mwalimu_wa_zamu ameandika:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali moja la nyongeza: mzazi mmoja ametaka wanafunzi wapewe kumbukumbu za maandishi, si maneno ya mtandaoni. Niende wapi?

---

sauti_ya_mtaa amejibu:

Nyaraka za Taifa, Upanga. Majalada ya utawala wa Waingereza kuhusu mji yapo. Uende mwenyewe na barua ya shule, usiende na watoto. Utaje mada kwa majina ya wakati ule, maana jalada halikujui Lumumba: omba New Street, omba Kichwele. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiko uwapeleke wanafunzi, siku nyingine, wakiwa wameshaiona mitaa.

---

binti_uani amejibu:

Na wazee. Kabla ya wanafunzi, nenda peke yako baada ya sala ya alasiri, baraza za karibu na Msikiti wa Mtoro au wa Manyema. Kalamu ikae mfukoni kwanza. Usiulize "historia ya Kariakoo ni ipi", utapewa hotuba. Uliza nyumba hii ilikuwa ya nani, na aliyefuata alikuwa nani, na chumba cha mbele alikaa nani. Majina yakishaanza kuja, toa kalamu.